Pazia Nililorudisha Kiwandani

Mama Damari alipofariki, kijana aliyenipigia simu alinipa pole, akaipita haraka, kisha akasema, "Dada Eunice, familia inaomba siku ya mazishi utoe ule ushuhuda wa pazia. Mama aliupenda sana." Nikamwambia nitautoa. Baada ya kukata simu nilibaki nimekaa jikoni, sufuria ya maziwa ikifurika mbele ya macho yangu, kwa sababu nilijua kwamba aliyosema si kweli. Mama Damari hakuupenda ushuhuda ule. Aliusikia mara nyingi kuliko mtu yeyote, maana niliutoa mara ya kwanza sebuleni kwake kule Bahati, na kila nilipourudia aliinamisha macho akanyoosha kitambaa cha kiti ambacho hakikuwa na kunjo lolote. Wengine waliimba na kunikumbatia. Yeye alikwenda jikoni kuangalia chai.

Ushuhuda wenyewe, jinsi nilivyousimulia miaka yote hii makanisani na kwenye mikutano ya kina mama, ni mfupi. Nilikuwa msichana wa kazi katika kiwanda cha sare za shule huko Baba Dogo. Nilikuwa nikiiba vipande vya kitambaa kama wenzangu. Bwana akaniokoa, nikarudisha nilichoiba, nikasimama mbele ya msimamizi bila woga, naye badala ya kunifukuza akanipa kazi bora zaidi. Hapo watu hupiga makofi. Ndani yake kuna mtu ambaye nimekuwa nikimtaja kwa maneno haya tu: mwenzangu mmoja ambaye hakuwa ameokoka. Sura hii ni yake. Ameniruhusu kuiandika, baada ya yeye mwenyewe kumweleza binti yake kwanza, na akanipa masharti mawili: nisitaje jina lake la kweli, na nisijionee huruma. Jina nimelibadilisha. Hilo la pili najitahidi.

Nitamwita Rael. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na tulikaa chumba kimoja kwenye ploti ya mawe na mabati, vyumba vimezunguka ua wenye bomba moja na kamba za nguo zisizokauka kwa moshi wa viwanda. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya chuma, stovu ya mafuta ya taa juu ya kreti, karai la kuogea lililokuwa pia karai la kufulia, na Truphena, mtoto wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mchana Truphena alibaki na mama mmoja wa chumba cha pembeni. Jumamosi jioni tulipika vya kwetu, kila mtu kwa zamu. Rael alikuwa mtu wa Magharibi, na githeri yangu, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliiita chakula cha watu waliochoka kusaga. Mimi nilimwambia mrenda wake, ile mboga ya kuteleza, unahitaji kukatwa kwa mkasi ndipo uache kijiko. Tulikula tukicheka, mtoto akipita kutoka mapaja haya hadi yale. Sijawahi tena kukaa na mtu ambaye kicheko chake kilikuja rahisi namna ile, na ninaposema hivyo nakumbuka lile sharti la pili, kwa hiyo naendelea.

Kiwandani Rael alishona kola. Mimi nilikuwa upande wa vifungo, kwa sababu mshono wangu ulikwenda kombo hata kwenye kitambaa chenye mistari. Vipande vilivyoanguka chini ya meza ya kukatia vilikusanywa vikauzwa kwa watengeneza magodoro, na mfanyakazi kuvichukua ilikuwa ni marufuku. Wote tulivichukua. Ulijifunga navyo tumboni, ndani ya kamisi, ukapita getini na uso wa mtu anayewaza chakula cha jioni. Hakuna aliyeliita jambo hilo wizi. Watoto wa Baba Dogo walivaa kaptula zenye viraka vya sare za shule ambazo wao wenyewe hawakuwa wamefikia umri wa kwenda.

Mwaka ule niliokoka. Dada mmoja wa vifungo alinipeleka Bahati kwa Mzee Jotham na mkewe Mama Damari, ambako ndugu walikutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mzee aliuza viatu na mikoba ya ngozi sokoni Kariokor. Nilivipenda vyote vya nyumba ile: viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, chai iliyopikwa na maziwa mengi hadi ikafanya utando, watu wazima wakisimama mmoja mmoja kusema, "Nilimjibu mke wangu vibaya asubuhi, nimemwomba msamaha." Jambo hilo waliliita kutembea nuruni, yaani kuitaja dhambi yako waziwazi mbele ya wenzako na kurudisha kilichochukuliwa. Mzee mwenyewe alikuwa na tabia iliyowakasirisha wauzaji wenzake. Mteja akishika kiatu, mzee alimwonyesha mahali ngozi ilipokuwa dhaifu kabla hajaulizwa. "Hapa patapasuka kwanza, ndugu yangu," alisema, halafu akangoja. Mimi niliona huo ndio ujasiri, na nilikuwa sahihi. Kitu ambacho sikukiona ni kwamba ngozi ile ilikuwa yake.

Basi nikawa jasiri. Nilivua herini. Niliacha kuitikia salamu za kawaida. Kila mtu nilimwambia "Bwana asifiwe", kwenye foleni ya choo, kwenye meza ya vifungo, hata kwa msimamizi wetu, Bwana Shadrack, aliyeitikia kwa kukohoa. Wasichana wa kupiga pasi walinicheka. "Huyu ameokoka mpaka amepitiliza stesheni," walisema. Nilifurahi kuchekwa, niliona ni taji. Nyumbani nilimwambia Rael kwamba hajaokoka. Yeye alikuwa na kanisa lake la ngoma na sare nyeupe aliyoipiga pasi kila Jumamosi, na aliimba akiosha vyombo, akiimba hata zile nyimbo zangu.

"Mimi nilibatizwa nikiwa na meno ya maziwa," alinijibu.

"Ubatizo si kuokoka, Mama Tru."

"Haya, Yuni. Basi niokolee hiyo sufuria, inaungua."

Alinivumilia. Alifanya zaidi ya kunivumilia. Nilikuwa nikipiga magoti kando ya kitanda kuomba, na Truphena alinipanda mgongoni akanivuta nywele, majirani wakaingia kuazima chumvi wakanikuta nimeinama, wakasimama mlangoni hawajui kama waseme hodi au waondoke. Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta chumba kimegawanyika. Rael alikuwa ameunganisha vipande vyote tulivyokuwa navyo, vichache vyangu na vingi vyake, vya mirabaraba ya buluu na vya kijani na vya hudhurungi, akavifanya pazia refu la kuzunguka kitanda changu. Kila pindo alilipiga mshono mara mbili, na kila pembe aliurudisha uzi nyuma kidogo, jinsi alivyofanya kwenye kola ili zisifumuke shuleni.

"Sasa una kanisa lako," aliniambia. "Ukishaingia humo sikuiti, hata nyumba ikiungua."

Niliomba nyuma ya pazia lile miezi kadhaa, na nadhani ndipo nilipoomba vizuri kuliko wakati wowote maishani. Kisha Jumapili moja akaja Bahati ndugu mgeni, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Hakupaza sauti hata mara moja. Alituuliza tu: nyumbani kwako kuna kitu gani ambacho unapoomba hutaki kufumbua macho ukakiona? Nikajua palepale. Nilikuwa nikimwomba Mungu nikiwa nimezungukwa na kitambaa cha wizi. Nililia, ndugu wakaimba, na kabla ya chai nilikuwa nimeahidi mbele ya wote kwamba nitakirudisha.

Sikumwambia Rael. Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba angenizuia, na kwamba kutii hakungoji ruhusa ya mtu. Si hivyo. Nilitaka liwe jambo langu peke yangu. Nilishaanza kusikia kichwani jinsi nitakavyolisimulia Jumapili itakayofuata, na katika masimulizi hayo alikuwapo mtu mmoja tu aliyesimama, naye ni mimi. Asubuhi ya Jumatatu Rael alitangulia kliniki na mtoto, kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Nikalifungua pazia kwenye waya, nikalikunja, nikaenda nalo kazini waziwazi mkononi.

Mashine zilikuwa hazijawashwa. Nililiweka pazia kwenye meza ya kukatia mbele ya Bwana Shadrack na mbele ya kila mtu, nikasema, "Bwana asifiwe. Vitambaa hivi ni mali ya kiwanda. Nilivichukua. Yesu ameniokoa, nimevirudisha. Ukinifukuza ni haki yako." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Bwana Shadrack hakuwa mtu mbaya. Aliangalia lile furushi kama aliyeletewa mtoto wa watu, akalikunjua, na likaendelea kukunjuka hadi likashuka pande zote za meza. Nadhani angelikunja tena tukaanza kazi. Lakini alikuwa fundi, na mkono wa fundi huenda wenyewe kwenye pindo. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono hadi kwenye pembe.

"Hii umeshona wewe?"

Wasichana wa kupiga pasi walicheka, kwa sababu kila mtu alijua mshono wangu. "Hapana," nikasema.

"Nani, basi?"

Mama mmoja mzee wa vifungo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Yuni, funga mdomo. Umesema yako, yametosha." Nilimsikia vizuri. Nilijua pia kwamba yupo mtoto anayenyonya, na kwamba Rael hakuwa na ndugu mjini. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba kunyamaza mbele ya swali ni uongo, na nilikuwa nimekwenda pale kutosema uongo. Nikasema, "Ni Rael wa kola." Nililisema jina lake kama mtu anayesoma aya kanisani.

Hapo hapakuwa tena na njia ya Bwana Shadrack kulikunja lile pazia. Watu wote walikuwa wamesikia. Mchana Rael aliporudi kutoka kliniki, mtoto amelala mgongoni, alisimamishwa getini hapohapo. Mimi nilikuwa nikishona vifungo. Kutoka kwenye meza yetu geti huonekana, na sikuinua kichwa.

Jioni nilimkuta amekaa kwenye kitanda chake, vitu vyake vimefungwa kwenye shuka, ugali uko mezani umefunikwa kwa sahani. Alikuwa amepika chakula cha watu wawili. Waya ulikuwa umebaki mtupu kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa; mtu akitukanwa kwa ajili ya imani hujisikia vizuri. Hakunitukana. Aliniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Ungeniambia, ningelifumua. Ningekaa nalo jana usiku kucha, nikakupa vipande vyako mkononi, ukavirudisha." Akakaza fundo la shuka. "Hata mimi pengine ningekuja nawe na vyangu. Sijui. Hukuniuliza."

Nikatoa jibu lililokuwa karibu. "Nitakuombea, Mama Tru."

"Utaniombea ukiwa wapi?" akasema. "Pazia hakuna."

Alisema polepole, kwa namna yake ya utani, ila hakucheka. Alihamia kwa jamaa wa kanisa lake kule Kaloleni kabla giza halijaingia. Mimi nilikula ule ugali. Nimewaeleza watu mambo mengi ya mwaka ule, lakini hilo sikuwahi kulieleza, kwamba nilikaa nikaumaliza, pamoja na mboga, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilikuwa na amani. Hiyo amani ndiyo inayonitesa leo kuliko jina nililolitaja.

Jumapili nilitoa ushuhuda. Sebule ya Bahati haijawahi kuimba namna ile. Nilipokwenda jikoni kusaidia kubeba vikombe, mlango ulikuwa umerudishwa nusu, nikamsikia Mzee Jotham akimwuliza mkewe, "Na yule mwenzake?" Mama Damari akajibu, "Amefukuzwa. Ana mtoto mdogo." Kukawa na mlio wa vijiko. Kisha mzee akasema, "Msichana amerudisha kitambaa, akatoa na kisicho chake juu yake. Tungemfundisha vizuri zaidi." Nilisimama pale koridoni na sinia mikononi, uso ukiniwaka, nikajiambia kwamba wazee wamepoa, moto wao wa kwanza umezimika. Niliingia nikasema "Bwana asifiwe", nao wakaitikia kwa upole, wakanipa vikombe.

Kiwandani Bwana Shadrack alinitoa kwenye vifungo akaniweka getini. Alitaka mtu asiyeweza kusema uongo. Kazi yangu ikawa kuwapapasa wanawake wenzangu wakitoka, kuanzia kwapani hadi kiunoni. Walinyanyua mikono bila kunitazama. "Sista amekuwa karao," yaani polisi, walisema wakishapita, kwa sauti ya kutosha kunifikia. Yule mama wa vifungo alisimama mbele yangu na mikono juu, siku zote akiwa wa mwisho, na hakuitikia tena salamu yangu. Watoto wa ploti yetu wakaanza kuvaa kaptula zilizotoboka. Nilisema huo ni mzigo wa msalaba.

Mama Damari hakunikemea hata siku moja. Alinivuta kando Jumapili moja, akanishika kiganja, akasema, "Mwenzako yuko Kariokor. Mzee amempa kona kwenye banda letu, anashona mikoba. Nenda ukamwone, mwanangu. Nenda tu, usiandae neno." Nikamwambia nitakwenda. Alinikumbusha mara ya pili, na mara ya tatu hakutumia maneno, aliniangalia tu. Sikwenda. Kandambili zangu zilipokatika nilinunua nyingine soko la mbali, na kama nilikuwa na safari ya kupita Kariokor nilizunguka. Mimi niliyemkabili msimamizi mbele ya kiwanda kizima niliogopa mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kigoda na sindano. Mwaka ukaisha hivyo. Nikahama Baba Dogo, nikaolewa, nikazeeka, na ushuhuda ukaendelea kunifungulia milango ya makanisa.

Siku ya kumzika Mama Damari nilikuwa nimeamua. Ningeusimulia wote, na jina la Rael ndani yake, na ule ugali. Ningetembea nuruni kikamilifu, kwa kuchelewa. Nilipoitwa mbele nikashika maikrofoni, nikawaona: Rael, mvi tupu, amekaa benchi la tatu, mwanamke wa makamo kando yake mwenye paji lake la uso, na wajukuu. Rael alikuwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa sakafuni. Nikaelewa kwamba yule ni Truphena, na kwamba hajui mama yake aliwahi kufukuzwa kazi kwa wizi. Nikaelewa kwamba nilikuwa tena mbele ya watu, nimeshika kitu alichokishona yeye, tayari kukikunjua ili nijisikie safi. Ile hamu ya kusema ilikuwa ileile ya asubuhi ile kwenye meza ya kukatia. Niliitambua hata ladha yake mdomoni.

"Mama Damari aliniambia niende mahali fulani nikamwone mtu," nikasema. "Aliniambia mara nyingi. Sikwenda. Hilo ndilo ninalo." Nikarudisha maikrofoni. Kanisa likangoja pazia. Kiongozi wa ibada alikohoa, akaanzisha wimbo, na nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba uzee umenifikia.

Wakati wa chakula nilikaa peke yangu chini ya hema, sahani ya wali na kabichi mbele yangu. Kiti kikavutwa. Rael akakaa, na binti yake upande wa pili, tukala.

"Nilidhani utasema," akaniambia, bila kuniangalia.

"Nilitaka."

"Najua. Nilikuona." Alichukua kijiko, akakiweka tena. "Sikuja kwa ajili yako, Yuni. Nimekuja kumzika mama yangu."

"Najua, Mama Tru."

Truphena alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Kumbe mnafahamiana? Mlijuania wapi?"

Niliinamia sahani yangu. Rael alitafuna, akameza, akajifuta vidole. "Tulikaa chumba kimoja ukiwa mtoto," akasema. "Huyu alikuwa mtu wa kuomba sana. Mpaka nikamshonea pazia, ili usimsumbue."

Truphena akacheka, kicheko kilekile cha mama yake, kilichokuja bila kuitwa. Akanigeukia kwa uso mkunjufu. "Bado unalo?"

"Hapana," nikamwambia.

Rael akanisogezea chumvi.